Maji Yaliyo Kati ya Unguja na Pemba

Mchumba wa mdogo wangu aliposema kwao ni Pemba, mama aliweka chini ungo wa maharage akauliza swali moja tu: "Huko kunafikika kwa miguu?"

Kijana akatabasamu kwa adabu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani kwetu Biharamulo, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka kwenye kwapa, na vumbi jekundu la barabara ya Ngara limemganda kwenye nyusi. "Hapana, mama," akasema. "Pemba ni kisiwa."

Mama akauokota ungo wake akarudi jikoni. Kwa upande wake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Mimi ndiye niliyemleta kijana huyo pale, kwa maana fulani. Miaka ile nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mbuba, wilaya ya Ngara, na mdogo wangu wa kike alikuja kukaa kwangu baada ya kumaliza shule. Wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa, vilima vimegeuka buluu kwa maturubai, na kila aliyejua kusoma na kuandika alipata kazi kambini. Mdogo wangu alipata kazi ya kuwapima watoto uzito. Aliyewachanja watoto haohao baada ya kupimwa alikuwa kijana mrefu kutoka Pemba, mpole, mwenye Kiswahili laini mpaka sisi wengine tukiongea mbele yake tulijiona kama tunavunja kuni. Watoto walitoka kwenye mizani ya mdogo wangu wakicheka, wakafika kwa kijana wakalia. Yeye akawa anakuja kumwomba radhi dada wa mizani kwa kumharibia wateja. Basi, ikawa hivyo.

Dini haikuwa tatizo. Sisi ni Waislamu, babu alisilimu zamani, na baba alikuwa akiadhini msikitini kwetu sauti inapomruhusu. Tatizo lilikuwa maji.

Mama alizaliwa upande wa ziwa, Mzinza wa pwani ya ziwa hasa, na alikuwa na kaka aliyempenda kuliko watu wote. Kaka huyo aliondoka asubuhi moja kwenda kisiwani kununua samaki, ziwa likachafuka, na hawakumpata yeye wala mtumbwi. Mama alipoolewa alimchagua baba, kati ya wengine waliokuja, kwa sababu kwao ni bara, kwenye migomba, na maji ya karibu ni kisima. Haya hakuyaficha. Alimwambia baba mwenyewe, na baba alikuwa akiyasimulia kwa wageni kwa fahari, kama vile kisima kile alikichimba makusudi ili apate mke.

Jioni ya siku ile ya posa baba alimfuata mama jikoni, na sisi watatu nyuma yake.

"Kijana anasema kuna ndege," baba akasema. "Kutoka Unguja mpaka Pemba watu wanaluka. Hawagusi maji." Kwa baba, l na r zilikuwa herufi moja.

Mama hakugeuka. "Juu ya maji ni muda gani?"

"Nusu saa hivi, mama," kijana akajibu kutoka mlangoni. "Hata soda huimalizi."

"Mimi soda naimaliza wiki mbili," mama akasema. Na ni kweli. Chupa ya soda ya sikukuu alikuwa anaificha nyuma ya gunia la muhogo na kuionja kidogo kidogo mpaka inapoteza gesi yote.

Baba akaona amsaidie. "Nusu saa ni kama habari ya ledio," akasema. "Ndege inaluka wanapoanza kusoma habari. Wakimaliza habari, wakasoma na matangazo ya vifo, umeshatua."

"Usiniwekee vifo kwenye safari hii!" mama akapiga kelele, mwiko mkononi.

Kijana alilala kwa jirani usiku huo na alfajiri akarudi kambini na lori la mahindi, bila jibu.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa darasani Mbuba, nilimwona mama anashuka kwenye lori la mahindi njia panda, kafunikwa vumbi kuanzia ushungi mpaka kandambili. Alikuwa hajawahi kufika Ngara maishani mwake. Mdogo wangu alikuwa amelia, kumbe, alipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi, na machozi ya kitinda mimba yalikuwa na nguvu kwa mama. Alikuja kujionea mwenyewe, alisema. Sikumuuliza anataka kujionea nini, maana bahari haipo Ngara.

Alikuwa amechoka hoi. Aliondoka Biharamulo alfajiri, na wakati huo jua lilikuwa linatua. Walisubiri polisi wa kuwasindikiza kwenye pori la Kasindaga kwa sababu ya majambazi, wakasubiri tairi lizibwe, kisha wakasubiri tairi lilelile lizibwe tena. Nilimwogesha, nikampikia, akalala.

Kesho yake, nikijiona mwerevu, nilimpeleka darasani wanafunzi walipoondoka nikamwonyesha ramani ya Tanzania iliyokuwa ukutani. Ilikuwa ramani ya kitambaa, nzee, na kona yake ya chini yenye kipimo cha umbali ililiwa na mchwa kabla sijahamia shule ile. Miaka yote nilikuwa nawafundisha watoto kupima umbali kwenye ramani isiyo na kipimo, kwa hiyo nilikuwa na mbinu zangu. Nilichukua uzi wa kushonea, nikaunyoosha kutoka Unguja mpaka Pemba, nikaushika kwa kucha. Kisha nikauhamisha huku kwetu, ncha moja Biharamulo, ncha ya pili upande wa Ngara. Uzi ulifika Ngara ukabaki kipande cha unene wa kidole.

"Unaona, mama?" nikasema. "Kisiwa mpaka kisiwa si mbali. Ni kama kutoka nyumbani mpaka hapa, na kidogo tu zaidi."

Mama akautazama ule uzi. Akanitazama mimi. Akakaa taratibu kwenye dawati la mbele.

"Kama nilivyokuja jana?"

"Ndiyo."

"Na kidogo zaidi?"

"Kidogo tu."

"Mawe!" akamlilia mama yake kwa Kizinza, mikono kichwani. "Kutwa nzima juu ya maji! Na tairi likipasuka?"

Nilieleza kwamba ndege haisubiri polisi. Nikaeleza mwendo kasi, nikachora ubaoni lori na ndege, nikagawanya na kuzidisha. Mama alifuatilia kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi, na nilipomaliza akaniuliza kama tairi za ndege ni za bati. Jioni mdogo wangu aliporudi kutoka kambini na kusikia habari ya uzi, hakunisemesha mpaka kesho yake. "Dada," aliniambia mwishowe, "wewe nimekuomba unisaidie nini?"

Kijana ndiye aliyekuja na wazo lililofaa zaidi. Kwenye uwanja wa ndege wa changarawe karibu na kambi, ndege ndogo za watu wa misaada zilikuwa zikitua karibu kila siku, na rubani mmojawapo alikuwa mtu wa Tanga ambaye kabla ya kuletwa huku bara aliwahi kubeba abiria visiwani. Mama akamuulize huyo.

Tulikwenda wanne, Jumamosi. Mama alivaa kanga yake mpya, ile ya posa ambayo hakuwa ameipokea rasmi. Rubani tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha bawa la ndege, anakula hindi la kuchoma, viatu amevua. Alikuwa mtu mnene, kipara kinang'aa, na alipomwona mama aliweka hindi juu ya gurudumu akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho kinachovuka bahari?"

"Hiki na wenzake."

Mama akaizunguka ndege yote kama mtu anayenunua ng'ombe. Akabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba. Akapiga ubavu wa ndege kwa kiganja, akasikiliza. Kisha akarudi akasimama mbele ya yule rubani, akamwambia kwamba binti yake anataka kwenda kukaa Pemba, kwamba yeye mwenyewe kaka yake yumo ziwani mpaka leo, na kwamba anataka kuambiwa ukweli bila soda wala redio wala uzi. Ni muda gani mtu anakuwa juu ya maji?

Rubani hakucheka. Aliokota kijiti, akachuchumaa, akachora kwenye changarawe kitu kirefu kama muhogo. "Hii ni Unguja. Uwanja wa ndege uko huku chini, kusini. Ukipaa, huendi baharini moja kwa moja. Kisiwa kirefu hiki, na kinaelekea kulekule unakokwenda. Kwa hiyo unakuwa juu ya minazi, juu ya mashamba, juu ya nyumba za watu, mpaka kinapoisha." Akachora muhogo wa pili, juu zaidi na kulia. "Hii ni Pemba. Uwanja wake uko hapa katikati. Nako ukishafika mwanzo wa kisiwa unakwenda juu ya ardhi mpaka utue. Maji matupu ni hapa tu." Akaweka kijiti kati ya mihogo miwili. "Katika hiyo nusu saa anayokwambia kijana, maji hayafiki nusu yake."

Mama akachuchumaa naye. Akaweka kidole kwenye ile nafasi.

"Na mtu akiwa hapa, anaona ardhi?"

"Siku ya anga safi, Unguja haijapotea nyuma na Pemba umeshaiona mbele."

"Na siku ya mawingu?"

"Siku ya mawingu, mama, hata maji yenyewe huyaoni."

Mdogo wangu aliufunika uso kwa mikono, na kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha mama akaanza kucheka. Kicheko kilianzia mabegani, kikapanda, akashindwa kusimama pale alipochuchumaa ikabidi mimi na rubani tumwinue, kila mmoja kwapa lake. "Hata maji huyaoni!" alikuwa akirudia, akijifuta machozi kwa pindo la kanga. Rubani akampa nusu ya hindi lililobaki, naye akalipokea.

Njiani kurudi aliniambia: "Yule ni mtu mkweli. Angetaka kunidanganya angesema mawingu hayapo." Kisha akamgeukia kijana, ambaye alikuwa anatembea nyuma yetu kwa umbali wa heshima. "Wewe. Binti yangu hapandi boti."

"Hapandi, mama. Wallahi."

"Hata akiwa na haraka."

"Hata akiwa na haraka."

Ndoa ilifungwa Biharamulo baada ya mavuno. Wakwe wa Pemba hawakuweza kuja, waliwakilishwa na mjomba aliyekuwa na duka Kahama, mtu mkimya aliyekula ndizi kwa maharage sahani tatu na kusema tu "alhamdulillahi" baada ya kila sahani. Baba aliadhini siku hiyo vizuri kuliko siku zote. Maharusi wenyewe waliendelea na kazi kambini mpaka wakimbizi walipoondoka. Zilikuwa siku nzito hizo, barabara imejaa watu na mizigo kichwani, na watoto waliowapima na kuwachanja wakipita mbele yao wakielekea mpakani. Mdogo wangu alisimama kando ya barabara asubuhi nzima akitafuta sura anazozijua. Kambi ilipokwisha, kazi nayo ikaisha, wakahamia Pemba.

Mwaka uliofuata ukaja ujumbe kwa simu ya posta: amejifungua, mtoto wa kike, mama aje.

Nilikuwa likizo, nikapewa kazi ya kumsindikiza. Mama alikataa kupitia Mwanza kwa sababu ya kivuko, kwa hiyo tulikwenda kwa basi mpaka Kahama, kisha Isaka, tukapanda treni ya Dar es Salaam. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Katika kila stesheni alimweleza mtu wa karibu habari ya mihogo miwili. Tulipofika Dodoma behewa zima lilijua kwamba ndege ikitoka Unguja inapita juu ya minazi, na mzee mmoja wa Kigogo akamwomba amchoree, akamchorea kwa maji ya chai juu ya kiti.

Ndege ya Pemba ilikuwa inaondokea Dar, inatua Unguja kushusha na kupakia, kisha inaendelea. Ndege ndogo, abiria wachache, na mama aliwekwa kiti cha nyuma ya rubani. Akafunga mkanda, akafungulia, akafunga tena kujihakikishia. Injini ikaunguruma, tukapaa, nyumba zikawa ndogo, na mara chini yetu pakawa na bahari.

Mama akaitazama kwa makini. Akageuka.

"Tumeshapita Unguja?"

"Bado, mama. Ndiyo tunakwenda Unguja."

"Hatujafika Unguja?"

"Bado."

"Sasa haya maji ni ya nani?"

Katika maneno yote yale, ya redio, ya uzi, ya mihogo, hakuna aliyekuwa amekumbuka kwamba kufika Unguja kwenyewe nako ni kuvuka maji. Si baba, si mdogo wangu, si mimi. Rubani wa Tanga naye aliulizwa ya Unguja na Pemba akajibu ya Unguja na Pemba. Kijana labda alikumbuka akanyamaza, na simlaumu.

"Mwalimu wa jiografia," mama akasema polepole, neno kwa neno. Abiria wa nyuma yetu akakohoa kuficha kicheko. Mama akaugeuzia uso dirisha na hakusema nami mpaka tulipotua, na bahati nzuri hapakuwa mbali.

Uwanjani Unguja tulishushwa tusubiri. Upande wa Pemba kulikuwa na mvua, wakasema. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu kuliko safari yote ya angani, mama na mkoba wake mapajani. Nilimwambia kama anaogopa tunaweza kutafuta namna nyingine.

"Namna ipi?" akauliza. "Hapa pande zote ni maji. Umenileta katikati, sasa wanipa nafasi ya kuchagua?" Lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu, na baada ya muda akatoa kwenye mkoba kifurushi cha karanga tukala pamoja, tukiwapa na watu wa benchi la pili.

Tuliporuka tena, yote yalikuwa kama yule rubani alivyochora. Minazi, mashamba, mabati, barabara nyembamba yenye baiskeli. Mama alikuwa ananitajia kila kitu kana kwamba mimi nilikuwa nimekaa upande usio na dirisha. Kisha kisiwa kikaisha kwa mchanga mweupe, na maji yakaanza. Nilinyoosha mkono nimshike. Hakuuchukua. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akatazama chini, na nikamsikia anaongea Kizinza, kwa sauti ya kawaida kabisa, maneno ambayo mtu humwambia aliyemkuta njiani baada ya siku nyingi: umeamkaje, huko ulipo mko salama, sisi hatujambo, watoto wamekua. Nilirudisha mkono wangu. Alisema maneno mengi na mengine sikuyasikia kwa ajili ya injini.

Alipomaliza akaketi sawasawa, akatengeneza ushungi. Mbele yetu kulikuwa na vilima vya kijani kibichi, na mabonde, na kijani kingine ndani ya mabonde.

"Ile ni migomba?" akauliza.

"Nadhani ni migomba."

"Migomba!" akamwambia rubani, akimgusa bega. "Mbona hamkusema mapema?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya uwanja na mtoto kifuani, mumewe pembeni, na mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye buibui na miwani. Mama alimpita binti yake, akampita mkwewe, akamchukua mtoto kwanza. Salamu zilifuata baadaye.

Kwa siku nilizokaa, vita vilikuwa jikoni. Mama mkwe alipika ndizi kwa tui la nazi na sukari, laini, tamu, za kufuturia. Mama alizionja akasema ni nzuri sana, kisha akauliza chakula chenyewe kitaiva saa ngapi. Kesho yake akapika yeye, ndizi na maharage, chumvi na kitunguu, na mama mkwe akala kwa adabu akauliza kama hiki ni cha mgonjwa. Mdogo wangu, ambaye ndiye mzazi aliyetakiwa kulishwa, alikula vyote viwili akanenepa.

Likizo ilipokwisha nilimwambia mama tuanze kufunga mizigo. Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, mama mkwe ameshika taulo.

"Wewe nenda," akasema. "Huyu shingo yake bado haijakaza."

Alikaa mpaka shingo ikakaza, mtoto akaketi, akatambaa. Baba alinitumia salamu Mbuba mara nyingi, kila mara akiuliza kama mke wake bado ni mke wake. Mwishowe siku moja nikiwa nyumbani Biharamulo basi la Kahama likasimama barabarani, na waliposhuka abiria tukaona wanawake wawili wekundu kwa vumbi, mmoja mrefu, mmoja mfupi mwenye miwani, wamebeba kapu la karafuu kila mmoja mkono wake. Mama mkwe alikuwa amekuja kuona huko ambako watu wanakula ndizi kwa chumvi. Baba alikwenda kuwapokea na baiskeli, akapakia kapu nyuma, akasahau kabisa lugha ya kumkaribishia mgeni wa heshima.

"Kalibu," alisema mwishowe. "Kalibu sana. Maji ya kuoga yapo."